Kisanduku cha Kupima Moyo

Juzi nilikuwa hospitalini na mtoto mwenye homa, kwenye benchi mbele ya mlango wa daktari. Mlango ulikuwa wazi. Ndani, mama mmoja mkulima alikuwa akivuliwa kisanduku kilichofungwa kiunoni kwa mkanda, nyaya zake zimebandikwa kifuani. Alikuwa amekivaa tangu siku iliyotangulia ili kinase mapigo ya moyo akiwa kazini, kwa sababu huanguka akipanda mlima na pipa la maji mgongoni.

Daktari alipitisha kidole kwenye karatasi ndefu iliyochorwa mapigo hayo. "Moyo uko sawa, mama. Endelea na kazi zako."

"Sikufanya kazi, daktari."

"Si nilikwambia ubebe maji kama kawaida?"

"Majirani waliona nyaya. Wakasema mgonjwa habebi maji. Mmoja akaenda mtoni, mwingine akaleta kuni, mama mkwe akapika. Mimi nilikaa tu."

Daktari alivua miwani. "Basi tutapima tena mwezi ujao. Leo kisanduku kinaenda kwa mgonjwa mwingine. Mpaka hapo usibebe maji."

"Na wakiona sina nyaya, nani atanibebea?"

Mama akafunga vifungo vya blauzi polepole.

"Kisanduku chukua," akasema. "Niachie nyaya tu."

Sisi ni watu wema, lakini ugonjwa lazima tuuone kwa macho. Mama alipotoka, niliona kwenye paji la uso wake mfereji uliochimbwa na mkanda wa kubebea pipa la maji. Huo majirani wameuona miaka yote.