Mgeni wa Murusagamba

Juzi, kwenye mkutano wa hadhara kijijini kwetu Murusagamba, mpakani, ofisa kutoka wilayani alitangaza kwa ukali: kwa sababu ya wakimbizi, ni marufuku kumlaza mgeni kabla ya kukagua kibali chake na kumripoti kwa balozi wa nyumba kumi.

Bibi mmoja akasimama.

"Shikamoo, bibi," ofisa akasema.

"Marahaba, mjukuu wangu. Jana jioni gari lako lilipokwama, ulikuja kwangu umelowa chapachapa. Nilikuuliza kibali, au nilikupa ndizi na maharage na pa kulala?"

"Ulinipa chakula na pa kulala, bibi."

"Basi, nikuripoti?"

Vigelegele! Hata balozi alipiga makofi, nami nikarusha kofia juu!

Serikali inataka kila mwenye nyumba awe mpelelezi. Ofisa alifunga mkutano upesi, lakini hakuondoka. Gari lake, ndugu msomaji, lilikuwa bado topeni.