Kuacha Kazi kwa Hiari

Ulikuwa mwaka wa impungure, zile punje za mahindi ya msaada tulizochemsha na maharage tangu alfajiri, na jioni bado zilituuma meno. Mchele tuliuona ndani ya magunia tu, ukipita barabarani. Nilikuwa nimerudi Rwanda kutoka Congo na wajukuu wawili, watoto wa binti yangu. Mama yao alibaki msituni huko. Kaburi hana.

Nilishuka Bugarama kuulizia kazi yangu. Kabla ya vita nilikuwa nachambua mbegu za mpunga kwenye kituo cha utafiti cha serikali. Sikuwa kibarua, nilikuwa mfanyakazi wa kudumu, mwenye likizo, mwenye matibabu, na pensheni inanisubiri. Na kazi niliijua. Atakayebisha aje.

Mkurugenzi alikuwa mpya, kijana aliyelelewa Bukavu, Kiswahili chake kama changu. Alinipa kiti, akanisukumia karatasi.

"Maman, weka sahihi hapa. Kesho unaanza."

"Imeandikwa nini?"

"Kwamba uliacha kazi kwa hiari. Sasa tunakuchukua upya, kibarua wa kutwa."

"Hiari? Kwani risasi ziliniomba kwa adabu?"

Akacheka, kisha akaona mimi sicheki. "Sheria inasema muntu akiondoka bila ruhusa, ameacha kazi. Si mimi niliyeitunga, Maman."

"Nilikimbia, sikuacha kazi. Siweki sahihi."

Tulikuwa wanawake wengi tuliokataa, tukashtaki pamoja. Njaa ikatupunguza. Rafiki yangu, tuliyekaa ungo kwa ungo miaka yote ile, aliweka sahihi mapema tu. Nilikutana naye anatoka kazini, makapi kichwani.

"Umejiuza," nikamwambia.

"Na wewe kaiteleke heshima yako jikoni, Maman. Ikiiva uniite nije kula."

Akapita na makapi yake.

Mahakama ya kazi ikasema kituo ni cha serikali, hivyo niende kwa wanaosimamia watumishi wa serikali. Hao nao wakasema watumishi wao huteuliwa kwa barua ya waziri, mimi nilikuwa na mkataba tu, nirudi mahakamani. Nilipanda mjini Kamembe, nikashuka, nikapanda tena. Kila mlango ulinionyesha mlango mwingine. Wenzangu waliendelea kupungua hadi nikabaki peke yangu kwenye benchi, na wakili aliyekuwa anapiga miayo.

Mwisho hakimu alikubali kunisikiliza.

"Kwa nini hukumwomba mkurugenzi wako ruhusa ya kuondoka?"

"Yule wa zamani, Mheshimiwa? Alituachia vumbi la gari la kituo. Sisi tulikuja kumkuta ng'ambo ya mto, huko Congo, amekaa juu ya godoro lake."

Watu wakacheka, hata karani. Hakimu hakucheka. Alisoma kwamba ruhusa sikuwa nayo, kwa hiyo kazi niliiacha, na miaka yangu yote ya nyuma haihesabiki tena. Wakili akasema tunaweza kukata rufaa Kigali. Alisema huku akifunga mkoba, na sikumwona tena.

Nje, yule mkurugenzi kijana alinifuata. Si mtu mbaya. Angekuwa mbaya ningepata nafuu.

"Maman, imekwisha. Nafasi ya kibarua bado ninayo, na karatasi ni ileile. Fikiri batoto."

Niliwafikiri. Mkubwa alikuwa ameshaacha shule, anabeba matofali. Mdogo tumbo lake lilikuwa limeanza kuvimba, na zahanati ya kituo haikumpokea kwa sababu bibi yake hakuwa mfanyakazi. Nilimfikiri na mama yao. Kama mimi niliondoka kwa hiari, basi yeye nilimpeleka msituni kwa hiari.

"Ni neno tu, Maman. Nani atalisoma?"

"Nilikimbia, sikuacha kazi. Siweki sahihi."