Sauti Nyuma ya Karavani ya Muheto

Mimi si mulevi, na wenye wananijua wanajua pia kama sina maneno ya kutunga. Hii mambo ilinifikia mimi mwenyewe, muchana, macho wazi, pensi yangu ya kukatia waya ikiwa mukononi. Kama hauamini, sikiliza kwanza mpaka mwisho, kisha njo utaniita muongo.

Ilikuwa Muheto. Kule kuko karavani moja ya zamani, ile nyumba ndogo ya kukokotwa na gari. Muzungu mumoja, muganga wa ng'ombe, aliiacha katika malisho vile alirudi kwao. Magurudumu yaliisha kuoza, sasa imekalishwa juu ya mawe. Kituo cha afya njo kinaitumia: mama akisha kuzaa, wanamulaza mule na mutoto wake mbele ya kupanda tena mulima kwenda kwao. Juu ya paa waliweka pano ya kuvuta umeme wa jua, chini batri, na ndani ampuli tatu ndogo za taa. Ni umeme kidogo, ule wa batri, ukiugusa hausikii kitu, na juu ya ile watu wanauzarau. Mimi ninakuambia, hauwezi kuua muntu mukononi, lakini nyumba unaichoma vizuri sana.

Mama muganga mwenye kuongoza kile kituo aliniita juu taa zilikuwa zinazima kila usiku. Nilifika pamoja na mvua. Ukungu ulikuwa umefunika malisho yote, ng'ombe unazisikia tu bila kuziona. Nikakimbilia mulango, nikaingia. Mwanamuke mumoja alikuwa amekaa kwenye kitanda na mutoto wa jana ndani ya kitenge.

"Papa fundi, leo tutalala na taa?" akaniuliza. "Jana nilinyonyesha mutoto ndani ya giza, sikuona hata kama anapumua."

"Mutalala nayo, mama," nikamujibu. Nikamuomba aende kungojea ku barza ya kituo pamoja na Mama muganga, juu ningetoa mabao.

Nikafungua kisanduku cha fizible. Fizible ni kale kawaya kembamba kenye kuwekwa kusudi kaungue kwanza, umeme ukipita kipimo, ili kingine kipone. Unajua nilikuta nini? Karatasi ya kungaa ya ndani ya pakiti ya sigara. Walichoka kununua fizible, wakakunja ile karatasi, wakaisindilia mule. Ninaona hii upumbavu kila fasi, toka Bihambwe mpaka Walikale, na kila mara ninakasirika upya. Fizible ikiungua iko inakuita. Sasa muntu anakuita, wewe unamuziba kinywa?

Nikatoa ile uchafu, nikaweka fizible ya kweli, nikawasha. Ampuli zote tatu zikawaka. Nikangojea, hakuna kitu kiliungua. Batri nikaipima, iko sawa. Nikakaza fasi zote waya zilikuwa zimelegea. Kusema kweli, kazi ilikuwa imeisha. Mvua nayo ilikuwa imepungua, na mimi nilikuwa na njaa.

Ila pale kandokando ya kitanda kulikuwa swichi moja yenye Mama muganga aliniambia hajui ni ya nini. Mimi nilijua. Karavani za namna ile zinakuwa na ampuli ya nje, upande wa nyuma, muntu akae mangaribi aangalie mifugo yake. Nikaibonyeza, na kwa mazoea tu nikapiga sauti:

"Sasa?"

"Bado," mwanamuke akajibu toka nyuma.

Sikushangaa. Mbona nishangae? Kazi ya waya inataka muntu upande wa pili wa ukuta, na muntu alikuwa pale. Nikafungua swichi, nikaipangusa kutu, nikairudisha.

"Sasa?"

"Bado."

Nikabadilisha kipande cha waya chenye kilikuwa kimekatikakatika.

"Na sasa?"

"Papa Rebeka, ile ni ampuli ao ni kimulimuli?"

Nikacheka. Nikamujibu, "Wee Mama Rebeka, uache kunisumbua, niko na njaa." Na nikaendelea kufuata waya.

Sasa acha nikuambie Mama Rebeka ni nani. Ni muke wangu, mama wa binti yangu. Alikufa na homa kule Omate, kwenye machimbo, tukamuzika kulekule, na tangu vita ilifunga ile njia mimi sijafika tena kwenye kaburi lake.

Utaniuliza nilishindwaje kushituka. Ni mazoea, ndugu yangu. Miaka yetu ya Omate tulikuwa tunawekea wachimbaji taa ndani ya vibanda vyao, mimi ndani na pensi, yeye nje ndani ya matope, bashi ya mvua imemufunika kichwa. Mimi: sasa? Yeye: bado. Alikuwa mukali juu ya taa. Ampuli ikiwaka kizaifu hakubali, ananichekelea mbele ya wachimbaji, eti nimewaletea kimulimuli. Mara zingine taa inawaka vizuri na yeye anasema tu bado, bado, ili nitoke jasho, mpaka ninasikia watu wote wa nje wanacheka. Jioni tunakula bugali na sombe kwenye sahani moja, bado ananicheka. Hatukuwa na kitu, na tulikuwa muzuri. Ile miaka ninaililia mpaka leo.

Kwa hiyo sikio langu lilisikia kile lilizoea kusikia, na mikono ikaendelea na kazi. Nikafikiri hata kwamba ananitania, kama zamani. Amini ao uache.

Ile waya ilikuwa inapita chini ya kitanda. Nikaondoa godoro, nikangoa mabao, nikainama na taa ya telefone. Waya ilikuwa imechubuka mpaka shaba inaonekana, na iko inalala kandokando kabisa ya chuma cha karavani. Bao la juu yake lilikuwa nyeusi kama chini ya sufuria. Nikalikandamiza na mukono: waya ikagusa chuma, fizible yangu mupya ikaungua palepale.

Unaelewa? Kitanda kikiwa bila muntu, kila kitu kiko sawa, unaweza kupima mpaka kesho. Muntu akilala, bao linashuka, waya inagusa chuma. Fizible ikiwepo, inakufa na taa zinazima tu. Lakini na ile karatasi yao ya sigara hakuna kitu cha kufa kwanza: waya inakunywa umeme wote, taa zinazima, na yenyewe inakuwa moto. Bao lilikuwa limeisha kuanza kuungua. Na hata na fizible yangu, ningeenda, usiku taa zingezima, na kesho muntu angetafuta karatasi ingine. Yule mama na mutoto wake wa jana wangelala juu ya moto.

Nikakata ile kipande chote, nikaunga waya mupya, nikaizungusha sikochi, ule mukanda wa kunata, nikaipitisha mbali na chuma. Nikaweka fizible ingine. Nikarudisha mabao, nikapanda juu ya kitanda, nikarukaruka na uzee wangu wote. Fizible ikashika.

"Sasa?" nikauliza.

"Iko," akasema. "Sasa iko muzuri."

Nikafurahi. Nikaanza kukusanya vyombo vyangu ndani ya mufuko, ninafikiri chakula. Nilikuwa nimeshika mulango vile akili ilinirudilia. Nikatoka mbio, nikazunguka karavani, ninaita jina lake.

Nyuma hakukuwa muntu. Nyasi zilikuwa zimesimama na maji ya mvua juu yake, hakuna mahali mguu ulikanyaga. Na ile ampuli ya nje? Haikuwepo. Kulikuwa tu shimo lake, lenye kujaa udongo wa nyumba ya nyigu. Hakuna taa hata moja muntu angeweza kuona ikiwaka pale.

Mama muganga akanikuta nimesimama ndani ya ukungu. "Papa fundi, uko unatafuta nani? Sisi wote tuko ku barza."

"Hakuna mwenye alikuja huku nyuma?"

"Hakuna. Tulikusikia unasema na kucheka, tukafikiri uko ku telefone." Akaangalia lile shimo la ampuli. "Ile waliiiba mbele mimi nifike hapa."

Nikalia. Sikuona haya. Yule mama akalala mule na mutoto wake, taa ikawaka mpaka asubuhi, na mutoto sasa anakimbia mbele ya kituo akifukuza kuku.

Pasta wangu alisema ni shetani. Nikamuuliza ni shetani gani mwenye kuokoa mutoto kwenye moto, na tangu siku ile tunasalimiana kidogo tu. Mimi nilirudia Muheto mara nyingi. Mara moja nililegeza waya kusudi, nipate sababu ya kuuliza tena. Nikauliza mpaka sauti ikakauka. Mama muganga akanifukuza, na alikuwa na haki. Hata sasa, kila nyumba ninafanya kazi, ninauliza upande wa pili wa ukuta, na wenye nyumba wananiangalia vibaya.

Lakini yenye iliniumiza kupita yote ni binti yangu. Rebeka aliolewa Bihambwe. Nilimupelekea hii habari mimi mwenyewe, nikamuelezea yote, bao, waya, kimulimuli. Akasikiliza, hakubisha hata neno moja. Kisha akauliza pole pole:

"Na mimi, Papa? Alisema nini juu yangu?"

Kwa hiyo wewe mwenye kunisikiliza, toa zile karatasi zako kwenye fizible, leo hii. Na siku utakuwa kazini, na sauti ya muntu wako mwenye alikufa ikujibu toka nyuma ya ukuta, usikimbie, na usimalize kazi mbio. Weka pensi chini. Mupe habari za watoto. Mimi nilikuwa naye pale, ananijibu kila mara, na nilimuuliza ampuli tu.