Waliyoandika Wauguzi wa Zamu Yangu

Mwaka 2017 nilikuwa mwaka wa pili wa shahada ya uzamili ya uongozi wa uuguzi. Alhamisi nilikuwa chuoni, siku nyingine kazini, katika hospitali moja ya kusini mwa Johannesburg, ambako nilikuwa sista wa zamu, yaani nesi msimamizi, wodi ya wanaume. Nilikuwa nimetoka Tanga na cheti changu, nikapanga chumba mtaa wa Rosettenville, nikafanya mitihani yao ya usajili, nikafaulu. Nasema haya ili ieleweke kwamba nilikuwa najiona. Mwalimu akiuliza darasani kiongozi mzuri ni mtu wa namna gani, mkono wangu ndio uliotangulia hewani.

Mwalimu huyo alikuwa mama wa Kizulu, metroni mstaafu, mpole wa sauti na mgumu wa alama. Siku moja alitupa kazi. Kila mmoja wetu awape wauguzi anaowaongoza bahasha zenye maswali matatu: kiongozi wako anafanya nini vizuri, anakukwaza wapi, na ni jambo gani hujawahi kumwambia. Wasiandike majina. Bahasha zingemfikia yeye, naye angechapa majibu yote kwa mashine tusije tukatambua mwandiko wa mtu.

Niligawa bahasha zangu kwa furaha. Nilitarajia sifa.

Alhamisi iliyofuata aliniita ofisini kwake. Nilimkuta ameshika karatasi mbili, hazisogezi kwangu wala hazirudishi mezani.

"Funga mlango," alisema. "Kaa kwanza."

Nikakaa. Akanipa.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa na maneno mazuri kidogo: anajua kazi, hachelewi, hana upendeleo. Halafu yakaanza mengine. Mmoja aliandika kwamba akinisikia kwenye korido hujifanya ana shughuli. Mwingine, kwamba akiwa na swali husubiri nipumzike ndipo aulize wodi ya jirani. Nilihisi masikio yanapata moto. Nikageuza ukurasa, nikafika jibu la mwisho. Nalikumbuka karibu neno kwa neno.

"Siku ya mzee wa kitanda cha nne niliona akichomwa sindano ya kwanza. Baadaye nikamwona sista anaandaa ya pili. Nilisimama mlangoni na mashuka mikononi. Nilitaka kusema. Lakini wiki ile ile alikuwa ameniambia mbele ya wenzangu kwamba kazi yangu ni mashuka na bakuli za wagonjwa, dawa hazinihusu. Nikajiambia labda daktari ameongeza. Nikaenda zangu."

Nilisoma mara tatu.

Mzee wa kitanda cha nne namjua. Alikuwa fundi cherehani wa Jeppestown, mgonjwa wa sukari, mtu wa kuuliza gazeti kila asubuhi. Mwaka uliotangulia, mchana mmoja wa kazi nyingi, nesi mwenzetu alimchoma insulini yake, akaitwa kitanda kingine kabla ya kutia saini kwenye chati ya dawa. Nikapita mimi, nikaona nafasi ya saini iko wazi, nikamchoma tena. Sheria ilitaka niite mtu wa pili tukague pamoja. Sikuita. Muda si mrefu tulimkuta amelowa jasho, macho yamepinduka, haitiki. Nilimtundikia dripu ya sukari kwa mikono yangu, akarudi. Nilipongezwa kwa wepesi wangu. Ripoti ya tukio niliiandika mwenyewe, na ndani yake kosa lilikuwa saini iliyokosekana. Lile la kutoita mtu wa pili sikulitia. Nesi yule alipewa onyo, na kabla mwezi haujaisha akaacha kazi bila kutuaga.

"Unajua ni nani aliyeandika?" mwalimu aliuliza.

Nilijaribu kukumbuka ni nani niliyewahi kumwambia maneno yale ya mashuka. Nilikumbuka watatu, na bado sikuwa na hakika kwamba orodha imekwisha.

"Sijui," nilisema.

"Vizuri. Usimtafute. Lakini hii si kazi ya darasa tena. Mgonjwa alidhurika. Unayo mpaka Jumatatu kwenda mwenyewe kwa meneja wako, la sivyo nitakwenda mimi."

Kesho yake asubuhi, baada ya zamu ya usiku kutukabidhi wagonjwa, niliwazuia wauguzi wangu wasitawanyike. Nikawaambia: "Siku ya yule mzee, kuna mtu aliona akaogopa kuniambia. Sitaki kujua ni nani. Kosa lilikuwa langu, na ripoti niliyoandika haikuwa kamili. Leo nakwenda kuisahihisha." Hakuna aliyenitazama. Mmoja aliguna "eish" kwa sauti ndogo, wakaenda kwenye vitanda vyao.

Saa ya chai nilikuwa stoo ya mashuka nikihesabu foronya zisizohitaji kuhesabiwa. Mlango ukafunguliwa, akaingia rafiki yangu.

Nimwite hivyo, kwa sababu hapakuwa na mwingine. Alikuwa mama wa Lubumbashi, nesi kamili kwao, lakini vyeti vyake havikukubaliwa hapa, kwa hiyo alifanya kazi ya msaidizi. Aliniita yaya, kama kwao wanavyomwita dada mkubwa. Tulikula pamoja kila siku, yeye akicheka Kiswahili changu cha Tanga, mimi nikicheka chake.

"Yaya," alisema, "ni miye."

"Wewe nini?"

"Miye njo niliandika."

Foronya zilinitoka mikononi. Katika wale watatu niliowakumbuka, yeye hakuwemo.

"Lakini mimi na wewe..." nilisema. "Kama nilikuambia hivyo, si ulikuwa utani?"

"Kwako ulikuwa utani. Wote walicheka, na miye nikacheka." Alikuwa hanitazami. "Miaka kumi na moja nilichoma watu sindano kwetu, yaya. Nilijua kabisa kile niliona. Nikanyamaza juu ya hasira, si woga tu. Nilisema moyoni, acha aone mwenyewe mashuka yatamsaidia nini. Kisha mzee akaanguka."

Akalia. Nami nililia, ila si kwa kumwonea huruma. Nililia kwa mshtuko wa kuchukiwa na mtu aliyekuwa ananigawia chakula chake.

Meneja alinisikiliza akiwa amesimama. "Faili hili lilifungwa," alisema. "Unajua unachofungua?" Nikamwambia najua, ingawa sikujua. Nilipewa onyo la maandishi na kuondolewa usista wa zamu kwa miezi sita. Rafiki yangu nilimwacha aseme lake mwenyewe; alilisema, akaonywa kwa mdomo. Nesi aliyeondoka nilimpigia simu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sharp, nimesikia," kama wasemavyo hapa kwa "sawa," akakata.

Hospitali ilimwita mzee ili aelezwe ukweli. Alikuja na binti yake, amevaa koti alilolishona mwenyewe. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu usiku kucha. Nikaeleza yote: saini, sindano ya pili, mtu wa pili ambaye sikumwita. Nikaomba radhi.

Mzee alinitazama kwa mshangao, kana kwamba nimeruka jambo.

"Lakini nilikuambia, sista," alisema. "Nilisema, nimeshachomwa. Ukaniambia, tulia mzee, nyoosha mkono."

Nilimtazama meneja, naye akanitazama. Ninaapa sikukumbuka, na mpaka leo sikumbuki. Naijua sauti yake, naikumbuka harufu ya spiriti na jua lililokuwa dirishani, lakini maneno hayo hayamo kabisa kichwani mwangu. Nilikuwa nimekuja kukiri kila kitu, kumbe nusu ya kosa langu sikuijua.

"Ninakuamini," nilimwambia.

Binti yake alitaka kusema kitu, mzee akamgusa mkono, wakaondoka.

Shahada niliimaliza mwaka 2019, kwa kuchelewa, maana nilibadili mada ya utafiti na kuanza upya kwa kuwauliza wagonjwa ni mambo gani waliwaambia wauguzi yasisikike. Rafiki yangu alikuwa ameshahamia kliniki moja Midrand, ambako walimwanzishia taratibu za kutambuliwa kwa vyeti vyake. Hatukugombana, wala hatukula pamoja tena. Siku ya mahafali alinitumia ujumbe mmoja: "Hongera, sista." Niliusoma nikiwa kwenye foleni ya kuvaa joho. Hakuandika yaya.