Karanga Nilizomlipa Mjukuu Wangu

Jamani, kosa ni langu. Msimlaumu mtoto.

Mimi ni babu, mkazi wa Didia. Mjukuu wangu Kabula, wa miaka minne, aliletwa akae nasi wazazi wake wakihangaika na biashara huko Kalangalala. Kuigiza watu anaweza, huyo! Badala ya kumrekebisha, nikamfanya sinema yangu.

Niliyependa zaidi amwigize ni mkwe wangu wa Songwa, babu yake mzaa mama. Mzee yule akiombea chakula, anaomba mpaka ugali unapoa. Jicho moja limefumba, jingine linalinda kuku aliye bakulini. Kabula alimpatia hasa! Nilicheka hadi machozi, kisha nikamwekea karanga kiganjani.

"Unamlea au unamharibu?" mke wangu aliuliza.

"Mtoto huyu, atasahau."

Atasahau! Siku wazazi wake walipokuja kutusalimia, mkwe alifuatana nao. Shikamoo zikaisha, chakula kikatengwa, mkwe akaanza kuomba. Kabula akasimama mbele yake, akafumba jicho moja, la pili akalikodoa kwenye bakuli, akanguruma "Amina, amina" kwa sauti ileile ya mzee. Halafu akaninyooshea mkono.

"Babu, karanga zangu."

Nadhani hata kuku aliona aibu.

Mama yake akashika fimbo. Mtoto akanitazama mimi, hajui amekosa nini. Loo, nilichomwa moyo!

"Mwache, Mama Kabula. Nimemfundisha mimi."

Mkwe akaondoka bila kugusa tonge. Jioni Kabula naye akaondoka na wazazi wake. "Tutamrudisha, baba, mambo yakitulia," Mama Kabula aliniambia kwa upole. Upole ule uliniuma kuliko matusi. Nyumba ikawa kimya, na karanga zangu sina wa kumpa.

Nikabeba jogoo hadi Songwa kuomba radhi. Nikamkuta Kabula kaletwa kusalimia. Mkwe alininunia mpaka jogoo akaiva, ndipo akacheka.

"Leo omba wewe, mkwe. Sisi tutakutazama."

Nikaomba. Katikati, sijui shetani gani, jicho langu moja likafumbuka! Kabula alikuwa ananitazama kwa macho yote mawili. Hakuniigiza. Alininong'oneza tu:

"Babu, mama kasema kuigiza watu ni vibaya."

"Kweli, ng'wanawane, mwanangu. Ni vibaya."

Bado hajarudi Didia. Wazee wenzangu, mtoto akikuchekesha kwa utovu wa adabu, karanga zako tafuna mwenyewe.