Nilivyounda gari la spoti Kibokoni kwa injini ya Austin kuukuu na mbao za jahazi

Wakuu, salaam aleikum. Na ambao si wa salaam hiyo, habari zenu, vuteni mkeka.

Humu nasoma vijana wanabishana gari lipi lina mbio na lipi ni la kiume. Nimenyamaza siku nyingi. Leo nasema, na nitakayoyasema niliyashika kwa mikono yangu miwili. Sina haja ya kuwadanganya, umri huu uongo unachosha.

Mwaka 1941, nikiwa na miaka kumi na mitatu, baba yangu alifariki. Alikuwa kuli bandarini Kilindini. Shida ikaanza siku hiyo hiyo, haikungoja arubaini iishe.

Shule sikwenda. Chuoni kwa maalim niliishia juzuu ya tatu. Herufi hizi za Kizungu nimezijua ukubwani, kwenye maboksi ya spea. Kwa hivyo mkiona sijaweka nukta mahala pake, maboksi nayo hayana nukta.

Nikasukuma mkokoteni Marikiti. Ndizi, vitunguu, maembe. Mabega yakawa kama ya punda.

Wakati ule ni wa vita, mji umejaa wanamaji wa Kizungu. Mmoja wao alikuwa na gari jekundu, fupi, halina paa, viti viwili, limelala chini kama paka anayenyemelea panya. Likipita, mimi naacha mkokoteni katikati ya barabara. Nimetukanwa kwa lugha nne kwa ajili ya gari lile.

Nikaapa nami nitakuwa na langu. Msicheke.

Vita vilipokwisha nikapata kazi kwa fundi mmoja Kalasinga, jina lake Singh. Miaka mitatu naosha vyuma kwa mafuta ya taa. Mtu hodari, mkono wake mwepesi, lakini alikuwa na kitabu kikubwa cha magari na hakuniruhusu kukigusa.

"Athmani," ananiambia, "fundi ni mtu anayesoma kitabu. Wewe ni mtu wa kushika taa."

Maneno hayo yaliniuma, wakuu. Bado yananiuma kidogo.

Sasa, kulikuwa na tajiri mmoja wa Kihindi, Muislamu, duka lake la vitambaa liko Ndia Kuu. Sisi sote tulimwita Seti. Kazaliwa pale pale Mji wa Kale, Kiswahili chake kitamu kuliko changu. Alikuwa na Austin ya zamani, imekufa nyuma ya nyumba yake ya Tudor. Chumvi imekula bati lote. Kuku walikuwa wakitaga kwenye kiti cha dereva.

Tena alikuwa na banda tupu Mwembe Tayari. Yule Kalasinga alilitaka apanue kazi. Mimi nililitaka nianze kazi.

Nikamfuata Seti barazani, mbele ya watu, nikamwambia: nipe ile Austin, nitaiunda upya, nataka banda.

Watu wakacheka mpaka kahawa ya buni ikawapalia. Kalasinga naye yupo, anacheka kuliko wote.

Seti hakucheka. Alikuwa mtu wa mapatano, ukimwambia neno analipima kama kitambaa. Akasema:

"Sikiliza. Siku ya Idd, baada ya swala, nitapanda hilo gari lako hapa dukani kwangu. Likinifikisha Makupa na kunirudisha hapa hapa, bila kusukumwa hata kwa mkono mmoja, banda utafanyia kazi wewe. Likisukumwa, kila msumari urudi ulipokuwa, banda namkodisha Singh, nawe urudi Marikiti."

Nikasema nimekubali. Nilikuwa na miezi minne.

Nilibomoa bati lote kwa nyundo. Nikabaki na mifupa ya gari, injini, gia na magurudumu. Injini ilikuwa nzima, ila ndani mna mayai mawili. Sikujua kuku aliyatia vipi na sijui mpaka leo.

Gari la spoti lazima liwe fupi na liwe chini. Nikakata chesisi kwa msumeno wa mkono, dhiraa moja na nusu. Rafiki yangu mmoja wa reli, Mkristo wa bara, akanifupishia shafti na kuunga vyuma kwa moto. Injini nikaivuta nyuma, ikakaa karibu na miguu ya dereva. Kumbukeni hilo la miguu.

Bodi sasa. Bati ya kununua sina. Nikamwendea Ami Bakari, rafiki wa marehemu baba, fundi wa majahazi. Kiwanja chake kilikuwa pwani chini ya Kibokoni. Tangu azaliwe hajaunda kitu chochote cha kwenda nchi kavu.

Akalizunguka gari mara mbili.

"Omo ni wapi na tezi ni wapi?"

Nikamwonyesha mbele na nyuma.

"Na nanga utaeka wapi?"

"Ami, gari halina nanga. Lina breki."

"Hizo breki ushaziona kwa mato yako zikishika?"

"Bado."

"Basi mimi nitakuekea pahala pa kufunga kamba. Utakuya kunishukuru."

Na akaweka kweli! Pembeni kushoto, kipande cha mti cha kufungia amari, ile kamba ya nanga.

Lakini wakuu, mkono wa yule mzee! Akasimamisha mataruma, zile mbavu za chombo, akapiga mbao za msaji juu yake kwa misumari ya shaba. Mbele pamechongoka, nyuma mkia umesinyaa kama wa mashua. Kila ufa akaushindilia pamba, akaukalafati, maji yasiingie. Nikamwambia ami, hili halendi majini. Akaniambia, "Na mvua je, wewe utaizuia?"

Siku hizi wajukuu wananionyesha picha za magari ya Ulaya ya zamani yenye mkia kama ule. Nasema walituiga.

Zikabaki siku tatu, Ami Bakari akaja na debe. Mafuta ya papa. Chombo chochote kikishaundwa lazima kipakwe, mbao zisipasuke kwa jua. Yeye hakuuliza, mimi sikukataa. Mimi ni mtoto wa Kibokoni, nimekua nikinusa mafuta ya papa kabla ya kunusa maziwa. Kwangu ile ndiyo harufu ya kazi iliyokamilika. Tukapaka mikono mitatu, nje, ndani, chini, na ule ubao wa kukalia. Mbao zikanywa mpaka zikashiba. Ziking'aa, utasema ni halua.

Injini nilikuwa nikiijaribu dakika mbili tu nazima. Petroli ilikuwa ya kutafuta kwa tochi. Haikupata moto hata siku moja.

Mnaona linakokwenda hilo?

(Narudi. Nilikwenda kuswali laasiri.)

Siku ya Idd. Seti akatoka na kanzu mpya nyeupe, koti, kofia ya zari. Ndia Kuu nzima iko barazani, wanawake madirishani. Kalasinga kaja amevaa kilemba safi, kasimama na mikono nyuma kama mtahini.

Nikapiga hendeli. Mara ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Mtu akasema juu dirishani, "Mpigie na dua!" Ya tatu likaitika, na sauti yake kwenye kuta zile nyembamba ilikuwa kama ngoma ya harusi.

Seti akapanda. Tukaondoka.

Mpaka Makupa nilikuwa mfalme. Upepo usoni, watoto wanakimbia nyuma, askari pale darajani Makupa kapiga saluti hajui anampigia nani. Seti kashika kofia, nikamwona anatabasamu upande mmoja. Nikageuza.

Kurudi ndipo injini ilipopata moto sawasawa.

Kwanza nikahisi magoti yanaungua. Halafu mbao zikaanza kutoka jasho. Mafuta yakatiririka kutoka kila kiungo, yakaingia kwenye ekzosi, na moshi ulioinuka pale, wakuu, ni kama papa mia wamekaangwa juzi wakasahauliwa kwenye sufuria.

Seti akanusa. Akaniangalia. Akasema polepole, "Athmani. Ni mimi au ni wewe?"

"Ni gari, Seti."

"Hili gari limekula nini?"

Nikamwambia ukweli. Akainua mkono wake kutoka kwenye ubao, kiganja chote kinang'aa. Akatazama kanzu yake.

Kufika Makadara, balaa. Watu wa sikukuu wamejaa, watoto na nguo mpya, wauza karanga, wenye pembea. Barabara haionekani. Honi sina. Rejeta inachemka inatoa mvuke. Nikisimama injini inazimika, ikizimika na moto ule haiwaki mpaka magharibi, na wapo vijana mia wa kunisukuma kwa furaha, nisitake nikitaka. Mkono mmoja tu, banda limekwenda.

Nikatia gia ya kwanza, nikaenda mwendo wa konokono, napiga kelele "Piteni! Piteni!" Hakuna anayesikia. Vijana wawili wakaja mbio nyuma, mikono mbele, "Tukusukume, bro—" (neno hilo silo walilosema, lakini nyinyi ndilo mnalolijua).

Harufu ikawafika.

Wakarudi kinyumenyume. Mmoja akaziba pua kwa kofia yake. Mama mmoja akalia, "Yallah, nguo za watoto!" akakusanya wanawe kama vifaranga. Umati ule uliokataa kusikia sauti yangu ukafunguka wenyewe katikati, kushoto na kulia, kila mtu kashika pua. Tukapita katikati yao peke yetu, mimi na Seti, hakuna mkono hata mmoja uliotaka kutugusa. Paka walitufuata mpaka Ndia Kuu. Niliwahesabu kumi na moja, halafu nikaacha.

Nikasimama dukani. Injini ikafa papo hapo.

Seti akateremka. Koti na kanzu vimemganda nyuma, manjano toka mabegani mpaka visiginoni. Kalasinga ndiye aliyeanza: "Seti, huyu kijana amekukaanga! Mpe mkokoteni wake aende!" Watu wakaangua kicheko.

Nami nikajua yamekwisha. Nikaanza kufikiria msumari upi nianze kuurudisha.

Seti akangoja kicheko kiishe. Akamgeukia.

"Singh, tulipatana nini? Lifike Makupa. Limefika. Lirudi hapa. Limerudi. Lisisukumwe. Nani kalisukuma? Habari ya harufu sikuitaja, ni kosa langu. Siku nyingine nitaitaja."

Akaingia ndani, akatoka na ufunguo, akautupa kwangu kwa mbali. Hakutaka kunisogelea.

"Na hilo dubwana," akasema, "likipita tena mtaa huu mimi nikiwa hai, nitalitia moto. Litawaka vizuri."

Kesho yake nikafungua banda. Kalasinga alikuja wiki ya pili, kimya kimya, na gari la mteja lililomshinda. Akaniita fundi. Nikajifanya sikusikia ili alirudie.

Funzo langu ni hili, na si la vitabuni: ukipatana na mtu, taja kila kitu, na ukishataja timiza hata kama unanuka. Yule mzee alipoteza kanzu ya Idd lakini hakupoteza neno lake, nami nimefanya kazi miaka sitini kwa mtindo huo. La pili, msimwachie fundi wa majahazi debe la mafuta.

Semeni yenu. Nani hapa amewahi kuunda kitu kwa mikono yake? Wa kubisha pia karibuni, nina nafasi.

Leo nina nyumba moja Tudor, ghorofa mbili. Karakana mbili. Mashine moja ya kukereza vyuma. Minazi arobaini na tatu Kisauni. Pikapu moja, ya bati. Watoto saba, wajukuu nimewaandika ukutani. Magoti mabovu mawili, na meno tisa yangu mwenyewe.