Siku Gari la Mkonge Lilipopita

Leo asubuhi nilitoka Malindi bila kujua naenda wapi, mara kwa miguu, mara kwa lori la mtu. Karibu na Matsangoni, harufu chungu ya mkonge uliosagwa ikanisimamisha.

Zamani kampuni moja ya reli ilisafirisha mkonge kwa gari la moshi, likipita mbele ya kwetu. Mjomba alikuwa mfunga breki kwenye behewa la mwisho, akaondoka nalo asirudi. Kampuni ikafa, reli zikang'olewa. Lakini bibi, mama yake mjomba, aliendelea kusimama pale reli zilipokuwa zikikata njia kila adhuhuri na bendera nyekundu, akizuia watu.

"Subirini lipite."

"Bibi, wazuia upepo?" walimcheka. "Vyuma vishauzwa!" Hata hivyo walisubiri, maana alikuwa kama mzazi wa wote.

Mimi nilisimama naye, mchanga ukiniunguza nyayo. Siku moja nilichoka, nikamwambia, "Limeshapita, bibi. Ulisinzia."

Akanishika bega kwa nguvu. "Na mjombako umemwona?"

Nikataka kumfurahisha. "Nimemwona. Amenipungia mkono."

Akaniachia bega. "Kumbe hakutaka kushuka," akasema. Akaikunja bendera, akaingia ndani, na hakutoka tena kungojea.

Jioni hii nimefika Mnarani, mahali nisipomjua mtu, nikapata chumba. Mama mwenye nyumba alinipa ufunguo. "Mwanangu, wapita tu, ama utakaa?"

"Nitakaa, mama. Mimi nashuka," nikasema, nikafungua mlango.